CARL FRIEDRICH GAUSS NA MPANGILIO WA NAMBA

Katika masomo yaliyotangulia tumejifunza kupima vitu, kuhesabu, na kuandika matokeo ya majaribio katika jedwali. Je, mwanasayansi akishayaandika matokeo yake, hufanya nini? Huyatazama kwa makini. Hujiuliza kama yana mpangilio wowote.

Mpangilio ni utaratibu unaofuata kanuni. Mtazame mtu anayesuka mkeka. Akianza kwa ukili mwekundu, kisha mweupe, kisha mweupe tena, halafu akarudia mwekundu, unaweza kutaja rangi itakayofuata hata kabla hajaushika ukili wenyewe. Namba nazo ni hivyo hivyo. Ukiona 2, 4, 6, 8, huna haja ya kuambiwa namba inayofuata. Mtu auonaye mpangilio huweza kujua jambo ambalo bado hajaliona kwa macho.

Lakini mpangilio unaweza pia kumdanganya mtu. Kwa hiyo haitoshi kuuona. Ni lazima kuupima na kutafuta sababu yake. Katika sura hii tutasoma habari za mtu aliyeyafahamu vizuri mambo hayo mawili. Jina lake ni Carl Friedrich Gauss.

Kuzaliwa kwake

Gauss alizaliwa mwaka 1777 katika mji wa Braunschweig, ambao leo umo katika nchi ya Ujerumani. Wakati ule Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa nchi ndogo ndogo nyingi, kila moja ikiwa na mtawala wake.

Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini. Baba yake alifanya kazi za mikono, kama vile uashi na utunzaji wa bustani. Alikuwa mtu mwaminifu na mkali, naye alitazamia kwamba mwanawe angefanya kazi kama zake. Mama yake, Dorothea, hakujua kuandika. Kwa sababu hiyo hakuiandika tarehe aliyomzaa mwanawe. Alichokumbuka ni kwamba siku ile ilikuwa Jumatano, siku nane kabla ya sikukuu ya Kupaa.

Mtoto yule alipokuwa mtu mzima aliitafuta tarehe yake mwenyewe kwa hesabu. Sikukuu ya Kupaa huwa siku ya 39 baada ya Pasaka. Lakini Pasaka haina tarehe moja. Hubadilika kila mwaka kwa kufuata mwezi na majira. Gauss aliuchunguza mpangilio wa mabadiliko hayo, na mwaka 1800 akatangaza kanuni ya kuipata tarehe ya Pasaka ya mwaka wowote kwa kugawanya namba na kutazama baki. Mwaka 1777 Pasaka ilikuwa tarehe 30 Machi. Ukihesabu siku 39 mbele unafika tarehe 8 Mei. Ukirudi nyuma siku nane unapata tarehe 30 Aprili. Hivyo kumbukumbu ya mama asiyejua kuandika, ikiunganishwa na mpangilio wa kalenda, ilitosha kuipata siku iliyopotea.

Darasani kwa Mwalimu Büttner

Gauss alianza shule mwaka 1784, akiwa na umri wa miaka 7. Alipotimiza kama miaka 9 aliingia darasa la hesabu la Mwalimu Büttner. Darasa lilikuwa na watoto wengi sana, na mwalimu alijulikana kwa ukali wake. Desturi ya darasa hilo ilikuwa hii: mwanafunzi wa kwanza kumaliza hesabu huweka kibao chake cha kuandikia juu ya meza kubwa, wa pili huweka chake juu ya kile cha kwanza, na kuendelea hivyo mpaka wa mwisho.

Siku moja mwalimu aliwapa watoto hesabu ndefu ya kujumlisha namba nyingi zilizofuatana. Gauss mwenyewe alipenda kusimulia habari za siku hiyo alipokuwa mzee. Watu wengi husimulia kwamba hesabu hiyo ilikuwa kujumlisha namba zote kuanzia 1 mpaka 100.

Mwalimu alikuwa hajakaa vizuri, na mtoto Gauss amekwisha kuweka kibao chake mezani. Wenzake waliendelea kujumlisha: 1 na 2 ni 3, 3 na 3 ni 6, 6 na 4 ni 10, na kuendelea hivyo. Yeye alikaa kimya, mikono imetulia. Mwalimu alimtazama kwa mashaka. Ikiwa jibu ni kosa, adhabu ilikuwa ikimngoja.

Saa ilipokwisha, vibao viligeuzwa. Vibao vingi vilijaa tarakimu, na majibu mengi yalikuwa na makosa. Kibao cha Gauss, kilichokuwa chini kabisa, kilikuwa na namba moja tu. Namba hiyo ilikuwa jibu sahihi.

Njia ya hesabu ile

Njia inayoelezwa ni hii. Tuanze na hesabu iliyo ndogo zaidi: kujumlisha namba kuanzia 1 mpaka 10. Andika namba hizo katika mstari mmoja. Chini yake ziandike tena kwa kuanzia mwisho:

1    2    3    4    5    6    7    8    9    10
10    9    8    7    6    5    4    3    2    1

Sasa jumlisha namba ya juu na namba iliyo chini yake. 1 na 10 ni 11. 2 na 9 ni 11. 3 na 8 ni 11. Kila mahali unapata 11. Kwa nini? Kwa sababu kila unaposonga hatua moja, namba ya juu inaongezeka kwa 1, na namba ya chini inapungua kwa 1. Kinachoongezwa huku kinapunguzwa kule, jumla haibadiliki.

Mafungu ya 11 yako 10. Kwa hiyo mistari yote miwili pamoja ni 11 × 10, yaani 110. Lakini tumeziandika namba zetu mara mbili. Basi tunagawanya kwa 2, na jibu ni 55.

Kwa namba 1 mpaka 100, kila fungu ni 101, na mafungu yako 100. 101 × 100 ni 10,100. Nusu yake ni 5,050. Mtu anayejumlisha namba moja moja atafanya kazi ya kujumlisha mara 99, na huenda akakosea katika mojawapo. Aliyeuona mpangilio atazidisha mara moja na kugawanya mara moja.

Je, njia hii itafaa ikiwa idadi ya namba ni witiri? Tujaribu 1 mpaka 9. Kila fungu ni 10, na mafungu yako 9. 10 × 9 ni 90. Nusu yake ni 45. Jumlisha sasa moja moja, uone kama jibu ni lile lile.

Angalia pia ya kwamba Gauss hakuwa mvivu. Wenzake walianza kuhesabu kabla ya kutazama. Yeye alitazama kwanza, ndipo akahesabu.

Waliomsaidia

Mwalimu Büttner alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kijicho. Alipoona kwamba mtoto huyu ana kipaji, aliagiza kitabu bora cha hesabu kutoka mji wa Hamburg akampa. Pia alikuwapo kijana msaidizi wa mwalimu, jina lake Martin Bartels, aliyekuwa na umri wa miaka kama 17. Bartels na Gauss walisoma pamoja vitabu vya hesabu na kusaidiana katika yaliyowashinda. Baadaye Bartels naye alikuwa profesa wa hisabati huko Kazan, katika nchi ya Urusi.

Habari za kijana huyo zilienea mjini. Mwaka 1791, akiwa na umri wa miaka 14, alipelekwa mbele ya mtawala wa Braunschweig, Carl Wilhelm Ferdinand. Mtawala huyo alikubali kulipa gharama za masomo yake. Bila ya msaada huo, mtoto wa mwashi asingaliweza kwenda chuo, na pengine kipaji chake kingalipotea bila mtu kujua.

Namba tasa

Alipokuwa na umri wa miaka kama 15, Gauss alipata kitabu chenye majedwali ya namba. Ndani yake mlikuwa na orodha ya namba tasa. Namba tasa ni namba iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 2, 3, 5, 7 na 11 ni namba tasa. Namba 9 si tasa, kwa kuwa inagawanyika kwa 3.

Ukizitazama namba tasa moja moja, huoni mpangilio. Mara zinakaribiana, mara zinaachana. Gauss akafanya jambo jingine: alizihesabu kwa mafungu makubwa. Tazama jedwali hili:

Kuanzia 1 mpaka 10: namba tasa 4
Kuanzia 1 mpaka 100: namba tasa 25
Kuanzia 1 mpaka 1,000: namba tasa 168
Kuanzia 1 mpaka 10,000: namba tasa 1,229

Katika namba 10 za kwanza, tasa ni 4, karibu nusu. Katika namba 100, ni robo. Katika namba 1,000, ni chini ya moja ya tano. Namba tasa zinazidi kuadimika, tena zinaadimika kwa utaratibu. Gauss alikisia kanuni ya utaratibu huo. Hata hivyo hakuweza kuithibitisha, na kwa muda mrefu hakuitangaza. Kanuni hiyo ilithibitishwa mwaka 1896, miaka 41 baada ya kifo chake, na wataalamu wawili waliofanya kazi mbalimbali: Jacques Hadamard wa Ufaransa na Charles de la Vallée Poussin wa Ubelgiji. Hapo tunaona tofauti kati ya kukisia na kuthibitisha. Kukisia kuliweza kufanywa na kijana wa miaka 15; kuthibitisha kulihitaji kazi ya karne nzima.

Namba za pembetatu

Mwaka 1795 Gauss alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Mwanzoni alisitasita kati ya hisabati na lugha za kale, maana alizipenda zote mbili. Lakini mwezi Machi 1796, kabla hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Wataalamu walikuwa wamelitafuta jambo kama hilo kwa muda wa miaka 2,000 bila kufanikiwa. Tangu siku hiyo aliichagua hisabati.

Mwaka huo huo aligundua jambo jingine ambalo hata wewe unaweza kulijaribu. Chukua kokoto au mbegu za mahindi. Weka moja juu. Chini yake weka mbili. Chini yake weka tatu, kisha nne. Umbo unalolipata ni pembetatu. Idadi ya kokoto katika pembetatu za namna hiyo ni 1, 3, 6, 10, 15, 21, na kuendelea. Hizi huitwa namba za pembetatu. Utaona kwamba hazina tofauti na hesabu ya Mwalimu Büttner: 10 ni 1 + 2 + 3 + 4, na 15 ni 1 + 2 + 3 + 4 + 5.

Gauss aligundua kwamba namba yoyote nzima, kuanzia 1, ni namba ya pembetatu, au ni jumla ya namba mbili za pembetatu, au ni jumla ya tatu. Haihitaji zaidi ya tatu. Kwa mfano:

5 = 3 + 1 + 1
14 = 10 + 3 + 1
20 = 10 + 10

Unaweza kujaribu namba mia moja, na kila mara utafaulu. Lakini namba hazina mwisho. Utajuaje kwamba hakuna namba moja, mbali sana, itakayokataa? Gauss hakuridhika na mifano. Alitafuta sababu, akathibitisha kwamba hakuna namba itakayokataa. Uthibitisho huo aliuandika katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya namba kilichochapishwa mwaka 1801.

Nyota iliyopotea

Mwaka huo wa 1801 ulileta jambo lililolifanya jina la Gauss lijulikane kote Ulaya. Ili tulielewe, ni lazima kwanza tuutazame mpangilio mwingine wa namba.

Andika 0, kisha 3. Baada ya hapo zidisha kwa 2 kila mara: 0, 3, 6, 12, 24, 48, 96, 192. Sasa ongeza 4 katika kila namba. Utapata 4, 7, 10, 16, 28, 52, 100, 196.

Tuseme umbali kutoka Jua mpaka Dunia ni vipimo 10. Umbali huo ni kadiri ya kilometa 150,000,000. Basi kipimo kimoja ni kilometa 15,000,000. Tazama umbali wa sayari nyingine kutoka kwenye Jua:

Zebaki: mpangilio 4, umbali wenyewe karibu 4
Zuhura: mpangilio 7, umbali wenyewe karibu 7
Dunia: mpangilio 10, umbali wenyewe 10
Mirihi: mpangilio 16, umbali wenyewe karibu 15
(hakuna sayari): mpangilio 28
Mshtarii: mpangilio 52, umbali wenyewe karibu 52
Zohali: mpangilio 100, umbali wenyewe karibu 95

Mpangilio huu ulitajwa na Johann Titius mwaka 1766, na Johann Bode akaueneza tangu mwaka 1772. Mwaka 1781 William Herschel aliigundua sayari ya Uranus. Umbali wake ulikuwa kadiri ya vipimo 192, karibu na 196 ya mpangilio. Watu wakauamini mpangilio zaidi. Wakauliza: je, pale penye 28 pana sayari ambayo bado haijaonekana? Wataalamu kadha wakapanga kuitafuta.

Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, Giuseppe Piazzi alikuwa akitazama nyota kwa darubini katika mji wa Palermo, kisiwani Sisilia. Hakuwa akitafuta sayari. Alikuwa akitengeneza orodha ya nyota. Aliona nukta ndogo ya nuru ambayo siku iliyofuata haikuwa mahali pake. Ilikuwa imesogea kidogo. Aliifuatia mpaka tarehe 11 Februari, kisha akaugua. Baada ya hapo nukta ile ilikaribia upande wa Jua, ikamezwa na mwanga wake, isionekane tena. Piazzi aliipa jina la Ceres.

Sasa shida ikawa kubwa. Ceres ingetokea tena upande wa pili wa Jua baada ya miezi kadha, lakini mahali gani? Mbingu ni pana, na nukta zenye nuru hafifu ni maelfu. Piazzi aliifuatia kwa siku 41 tu. Leo tunajua kwamba Ceres huchukua kadiri ya siku 1,680 kulizunguka Jua mara moja. Basi aliona kipande kidogo tu cha safari yake, kadiri ya sehemu moja kati ya sehemu 41. Ni kama kumwona mtu akipita dirishani kwa nukta chache, kisha kuulizwa atakuwa wapi jioni.

Wataalamu kadha walifanya hesabu. Darubini zilielekezwa mahali walipopataja, lakini Ceres haikuonekana.

Gauss alikuwa na umri wa miaka 24. Hakuwa na darubini kubwa. Alikuwa na kalamu, karatasi, na vipimo vya Piazzi. Alijua ya kwamba kila sayari hufuata njia yenye umbo la duaradufu, yaani mviringo uliobonyezwa kidogo, kama alivyogundua Johannes Kepler mwanzoni mwa karne ya 17. Tena alijua sababu yake, maana Isaac Newton alikuwa ameieleza mwaka 1687: Jua huzivuta sayari. Gauss alivumbua njia ya kuipata duaradufu nzima kutokana na vipimo vitatu tu. Kisha alivichukua vipimo vingine vya Piazzi na kuona kama vinapatana na njia hiyo. Palipokuwa na tofauti, alirekebisha hesabu na kuanza tena. Kazi hiyo yote aliifanya kwa mkono. Mahali alipopataja palikuwa mbali na mahali walipopataja wengine.

Tarehe 7 Desemba 1801, Franz von Zach aliielekeza darubini yake upande uliotajwa na Gauss, akaona nukta aliyoishuku. Mawingu ya majira ya baridi yalimzuia kuhakikisha mpaka tarehe 31 Desemba. Usiku uliofuata, tarehe 1 Januari 1802, Wilhelm Olbers naye aliiona akiwa mjini Bremen. Mwaka mmoja kamili ulikuwa umepita tangu Piazzi aione mara ya kwanza. Ceres ilikuwa karibu sana na mahali alipopataja Gauss. Umbali wake kutoka kwenye Jua ni vipimo 27.7.

Leo tunajua kwamba Ceres ni ndogo. Kipenyo chake ni kadiri ya kilometa 940. Tangu mwaka 2006 wataalamu wameiweka katika kundi la sayari kibete.

Mpangilio uliovunjika

Je, mpangilio wa Titius na Bode ulikuwa sheria ya kweli? Ceres ililiziba pengo la 28, na watu wengi walidhani hakuna tena la kuuliza. Lakini tarehe 23 Septemba 1846 sayari ya Neptune iligunduliwa. Kwa kufuata mpangilio, 192 mara 2 ni 384. Ongeza 4, ni 388. Basi Neptune ilitazamiwa kuwa kwenye umbali wa vipimo 388. Ilipopimwa ilionekana kuwa kwenye umbali wa kadiri ya vipimo 301. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Mpangilio ulikuwa umevunjika.

Kwa nini hesabu ya Gauss ilifaulu, na mpangilio huu ukashindwa? Mpangilio wa Titius na Bode ulifuata namba chache zilizojulikana, lakini hapana aliyejua kwa nini namba hizo ziwe hivyo. Hesabu ya Gauss ilisimama juu ya sheria iliyokwisha kupimwa mara nyingi na yenye sababu inayofahamika. Mpangilio usio na sababu unafaa kutuonyesha mahali pa kutafuta. Haufai kuwa hakimu.

Maisha yake ya baadaye

Mwaka 1807 Gauss alifanywa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota huko Göttingen. Alikaa huko mpaka mwisho wa maisha yake. Alipima ardhi ya nchi ya Hannover, akachunguza nguvu ya sumaku ya Dunia, na mwaka 1833, yeye na mwenzake Wilhelm Weber walitengeneza chombo cha kupeleka habari kwa waya wa umeme. Waya huo ulipita juu ya mapaa ya mji kwa kadiri ya kilometa moja.

Maisha yake hayakukosa huzuni. Mtawala aliyemsomesha alikufa mwaka 1806 kwa majeraha ya vita. Mke wake wa kwanza, Johanna, alikufa mwaka 1809. Hata hivyo Gauss hakuwasahau waliomlea. Mama yake alikuja kukaa naye, akamtunza zaidi ya miaka 20. Mama huyo alipofuka katika uzee wake, akafa mwaka 1839, akiwa amepita umri wa miaka 95.

Alikuwa pia na upungufu wake. Hakupenda sana kuwafundisha wanaoanza. Tena aliweka mambo mengi aliyoyagundua katika madaftari yake, asiyatangaze mpaka ayaone yamekamilika kabisa. Muhuri wake ulikuwa na picha ya mti wenye matunda machache. Kwa ajili hiyo wengine walitaabika miaka mingi kuyatafuta mambo ambayo yeye alikuwa ameyajua zamani.

Gauss alifariki tarehe 23 Februari 1855 mjini Göttingen, akiwa na umri wa miaka 77.

Tunajifunza nini?

Katika darasa la Mwalimu Büttner kila mtoto alipewa namba zile zile. Piazzi naye aliwaachia wataalamu wote vipimo vile vile. Gauss hakuwa na namba za siri. Alitazama kabla ya kuhesabu. Alipoona mpangilio aliuliza sababu yake. Na alipopata jibu alilipima. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuyafanya mambo hayo matatu leo, kwa kokoto na kipande cha karatasi.

Kazi ya vitendo

1. Tengeneza ngazi ya kokoto: mstari wa kwanza kokoto 1, wa pili 2, wa tatu 3, wa nne 4. Mwenzako atengeneze ngazi nyingine kama hiyo. Igeuzeni ngazi ya pili na kuiunganisha na ya kwanza. Mnapata umbo gani? Lina mistari mingapi, na kila mstari una kokoto ngapi? Elezeni kwa nini Gauss aligawanya kwa 2.

2. Chora duara. Weka nukta 2 juu ya mzingo wake na uziunganishe kwa mstari. Duara limegawanyika sehemu 2. Chora duara jingine lenye nukta 3, na kila nukta uiunganishe na nyingine zote. Hesabu sehemu. Fanya hivyo kwa nukta 4, kisha 5. Andika namba unazozipata na ukisie jibu la nukta 6. Sasa chora duara kubwa lenye nukta 6, ukiangalia kwamba mistari mitatu isikutane mahali pamoja, na uhesabu sehemu kwa uangalifu. Je, ulikisia sawa?

Maswali

1. Tafuta jumla ya namba zote kuanzia 1 mpaka 20, kisha 1 mpaka 50, bila kujumlisha moja moja.
2. Jumlisha 1 + 3. Kisha 1 + 3 + 5. Kisha 1 + 3 + 5 + 7. Unaona mpangilio gani? Kokoto zinaweza kuuonyesha namna gani?
3. Andika namba 8, 17 na 30 kwa kutumia namba za pembetatu zisizozidi tatu.
4. Kwa nini ilikuwa vigumu kuiona Ceres tena baada ya Februari 1801?
5. Eleza tofauti kati ya kukisia kanuni na kuithibitisha. Toa mfano kutoka katika sura hii.

Maneno mapya

baki – namba inayosalia baada ya kugawanya
duaradufu – umbo kama mviringo uliobonyezwa
kibao – ubao mdogo wa mwanafunzi wa kuandikia
mzingo – mstari unaolizunguka duara
namba witiri – namba isiyogawanyika kwa 2 bila baki
ukili – utepe uliosukwa kwa miyaa, ambao ukishonwa hufanya mkeka